Aliyefunga Mwamba Naye Asivue

Mtu wa Nanganga akianza kusema habari za visiwa, hata kondakta atamcheka. Hapa ni njia panda ya bara. Gari likitoka Lindi kwenda Masasi, abiria wa Ruangwa na Nachingwea ndipo wanapoachana na wenzao. Tunalima korosho, ufuta na mbaazi, na bahari tunaijua kwa harufu ya ng'onda na dagaa wanaoshushwa stendi. Lakini Ruangwa na Nachingwea zimo katika Mkoa wa Lindi, na mkoa huohuo ndio wenye Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na Songosongo. Kwa hiyo ninayoyasema hapa ni ya nyumbani.

Wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mara nyingi methali hii tunaitumia kumnyamazisha mtu anayeingilia ndoa ya mwenzake. Mimi naona ndani yake mna sheria nzima ya kutunza mahali padogo. Nasema padogo kwa sababu kwenye nchi pana mtu akichosha shamba huhamia pori jingine, na kosa lake analiacha nyuma na kulisahau. Kisiwani anaamka nalo.

Babu zetu wa huku kusini walikuwa na mti wa msolo. Chini yake palimwagwa unga, na marehemu wakaelezwa shida ya mvua, ya safari au ya mgonjwa. Ukuni haukukatwa pale. Vijana husema ilikuwa hofu ya mizimu tu. Hofu ilikuwepo, sikatai. Lakini mtazame aliyeishika ile marufuku: alikuwa mzee aliyeishi hatua chache kutoka kwenye mti, na mkewe naye alifuata kuni mbali kama wake za wengine. Mwiko ulimbana mwenyewe kabla ya kumbana jirani. Ukiiondoa sehemu hiyo, unabaki na unga uliomwagwa chini ya mti.

Basi tuvuke maji.

Kisiwa kidogo hakina pa kuficha kosa. Anza na maji ya kunywa. Mvua inayonyesha juu ya kisiwa cha mawe ya matumbawe huzama ardhini na kukaa juu ya maji ya chumvi, kama mafuta yanavyoelea juu ya maji sufuriani. Tabaka hilo ni jembamba. Ukichota kwa ndoo, masika hulijaza tena. Ukifunga pampu inayovuta kutwa, chumvi hupanda, na kisima kilichonywesha vizazi kinakuwa cha kufulia. Jibondo, jirani ya Mafia, kwa miaka mingi hawakuwa hata na kisima cha kuwatosha: walikinga maji ya mvua, na yakiisha walivuka kwa chombo na madumu kwenda kuyafuata kwa majirani. Mtu aliyelelewa hivyo hahitaji semina ya kumweleza thamani ya kikombe cha maji.

Kilwa Kisiwani nako bahari imekuwa ikidai chake. Gereza lile linaloonekana ukikaribia kwa mashua, walilolianza Wareno mwaka 1505 na Waomani wakalijenga upya baadaye, limepoteza sehemu ya kuta zake kwa mawimbi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya ukarabati mkubwa. Wageni wengi huzungumzia mawe. Wenyeji watakuonyesha pia mikoko, kwa kuwa pale ilipokatwa ndipo wimbi linapoingia bila kubisha hodi, na kuipanda upya imekuwa sehemu ya kuyaokoa magofu yenyewe. Ukuta wa chokaa hujengwa na fundi kwa msimu mmoja. Mkoko unataka miaka, na unataka mtu wa kumwambia mbuzi na mwenye shoka kwamba hapa hapapitwi.

Kisiwa kinachonikosesha usingizi ni Maziwe. Kipo mbele ya Pangani, mkabala na Ushongo, huko Tanga. Miaka ya 1970 ilipoanza bado kilikuwa kisiwa hasa, chenye mivinje na majani, na kasa walipanda kutaga pale kwa wingi kiasi kwamba wataalamu walikihesabu miongoni mwa mazalia muhimu kuliko yote ya pwani ya Tanganyika. Kikatangazwa kuwa hifadhi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti haikuwepo tena, na kisiwa kimebaki fungu la mchanga ambalo maji yakijaa linazama lote. Katika makaratasi hifadhi ipo mpaka leo. Yaani bamvua likijaa, Serikali ina hifadhi ya kisiwa na kisiwa chenyewe hakionekani.

Nini kilikiua? Simulizi inayosikika zaidi ni ya mashoka: wavuvi wa dago, wale wanaopiga kambi wiki kadhaa kisha wakahama, walihitaji kuni za kukaushia samaki, na mivinje ilikuwa karibu. Wapo wanaosema mikondo ya bahari ilikuwa inakila kisiwa tangu zamani, na wapo wanaotaja mchanga wa mto Pangani uliopungua. Sina kesi na mawimbi. Ila kati ya sababu hizo, moja tu ndiyo iliyokuwa na mkono wa mtu aliyeweza kuambiwa acha. Na aliyekuwa akikata hakuwa na kwao pale. Dago likivunjwa, alipakia ng'onda wake akatweka tanga, na mwakani alikwenda kisiwa kingine.

Tazama sasa gharama ya kuja kulipa deni la mwingine. Kasa bado wanakuja Maziwe. Jike la kasa hurudi kwenye ufukwe wa asili yake, nalo halijui kwamba ufukwe umekwisha. Linachimba shimo usiku, linataga, linafukia, linarudi majini. Mayai yakiachwa pale yatazama. Kwa hiyo watu wa Ushongo na wenzao wa uhifadhi huyafukua na kuyahamishia nchi kavu. Kazi yenyewe inataka mkono wa mkunga. Yai linachukuliwa mapema, halipinduliwi wala halitikiswi, maana kiinitete kikishajishika upande mmoja, ukiligeuza unakiua. Yanapangwa kwenye shimo jipya lenye kina kama lile la mama yao, yanafukiwa, na kwa karibu miezi miwili yanalindwa dhidi ya mbwa, kaa na wezi. Kazi yote hiyo hapo kale iliifanya mivinje, bure, kwa kusimama tu.

Kasa ni kilio cha mbali. Tuje kwa pweza, ambaye anatoka karibu na kwetu.

Songosongo inajulikana kwa gesi. Iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 inasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuwasha umeme. Lakini mwanamke wa Songosongo hakuwa akisubiri bomba ili apate chumvi na sare ya mtoto wa shule. Alisubiri bamvua. Maji yakitoka mpaka mwamba ukakauka, alitembea juu yake na chuma mkononi, akitafuta kishimo kilichozungukwa na magamba ya kaa na kombe, maana pweza hula mlangoni na hafagii. Akikiona, anachokoa. Kazi hiyo haitaki mtumbwi wala nyavu, na ndiyo maana ilikuwa ya akina mama, watoto na wazee.

Kisha wakaja wanunuzi wa viwanda vinavyopeleka pweza Ulaya. Bei ikapanda, na wanaume wenye miwani ya kuzamia wakaingia. Pweza akawa anachukuliwa akiwa mdogo kama kiganja, kwa hesabu kwamba nisipomchukua mimi, wewe utamchukua kesho. Hesabu hiyo ni sahihi kwa kila mtu mmoja mmoja. Kwa kijiji kizima ni hasara, kwa kuwa pweza hana maisha marefu, mwaka mmoja na kidogo tu, na katika miezi hiyo hukua upesi mno: ukimwacha wiki chache tu anaongezeka uzito kwa kasi ya kushangaza. Jike likishataga hukaa langoni likiyapulizia maji mayai yake, halili, na yakianguliwa linakufa. Ukimchokoa jike kabla ya hapo, umechokoa maelfu.

Dawa iliyopatikana ingemfurahisha mzee yeyote wa zamani. Wanakijiji wanachagua mwamba mmoja, si yote, wanaufunga kama miezi mitatu, kisha wanaufungua kwa siku iliyotangazwa. Andavadoaka, kule Madagaska, walianza mwaka 2004, na wengi walikwenda kujifunza kwao. Songosongo walijaribu, na Kisiwa Panza kule Pemba walijaribu. Siku ya kufungua, pweza waliokuwa wa kiganja wanatoka wakiwa wa kubebwa begani. Hakuna mvuvi aliyehitaji kuelezwa mara ya pili.

Uzuri wa hatua hii ni kwamba kufuli lina siku ya kufunguliwa. Mtu mwenye njaa unaweza kumwomba miezi mitatu. Ukimwambia daima, atakuitikia mkutanini na usiku ataingia.

Lakini hapa nina neno ambalo sikulisikia likisemwa kwa sauti ya kutosha. Nani anafungiwa? Mwamba unaochaguliwa mara nyingi ni ule wa karibu, kwa sababu ni rahisi kuulinda. Na mwamba wa karibu ndio shamba la bibi anayetembea kwa miguu. Mwanamume mwenye mtumbwi akifungiwa hapa huenda kule, na jioni anarudi na kitoweo. Bibi hana kule. Anakaa miezi mitatu, kisha siku ya kufungua wanaume wenye miwani wanazama upande wenye kina na kuchukua wale wakubwa, na wageni kutoka vijiji vingine wanashuka kwa mashua wakiwa wamesikia tangazo. Bibi anapata mmoja au wawili. Akiulizwa mkutano ujao kama tufunge tena, atakaa kimya, na mwandishi wa mkutano ataandika kwamba wote waliafiki.

Mzee wa msolo asingefunga hivyo. Kama kamati ni ya wenye mitumbwi, basi wafunge na mwamba wa mbali wanaoupenda wao. Au siku ya kwanza ya kufungua iwe ya wanaotembea kwa miguu peke yao, na siku ya pili ndio waingie wazamiaji. Vijiji vingine vinaweza kuona ni hesabu ndogo. Ndogo hiyohiyo ndiyo inayoamua kama mwakani kutakuwa na mtu wa kupiga kelele usiku akiona taa mwambani.

Misali, magharibi ya Pemba, wanatufundisha jambo jingine. Wenyeji husimulia kwamba Nabii Khidhri aliswali kwenye kisiwa hicho, kikawa ndio msala wake. Mwaka 1998 kisiwa na maji yake vikatangazwa eneo la hifadhi, baada ya wavuvi kukataa mpango wa kukikabidhi kwa hoteli. Sehemu ndogo ya mwamba ikafungwa kabisa, kubwa ikaachwa wazi kwa uvuvi wa halali. Kanuni za Serikali zilikuwepo na wavuvi walizijua, wengi wao wakizipita kama mtu anavyopita kibao cha usitupe taka. Mambo yalianza kubadilika habari ya mwanadamu kuwa khalifa, aliyeachiwa dunia kama amana, ilipoanza kusemwa kwenye khutba na madrasa. Wengi wamelieleza hilo kama nguvu ya dini, na ni kweli. Mimi naongeza kwamba imamu aliyesema maneno hayo, jioni alikula samaki wa maji yaleyale. Asingeweza kuharamisha nyavu za mwenzake huku za kwake zikiwa baharini, maamuma wangemwona.

Msinielewe kwamba nawapamba wazee. Mihirabu ya Kilwa ilichongwa kwa matumbawe yaliyotolewa baharini yakiwa bado laini. Chokaa yao ilitoka kwenye tanuri, matumbawe juu na magogo chini, na kazi hiyo haikuisha na masultani. Boriti za mikoko za Rufiji zilijaza majahazi ya Uarabuni miaka na miaka, na dari za huko zilipimwa kwa urefu wa boriti zetu. Walikata, wakachoma, wakauza. Wingi wa bahari na uchache wao ndivyo vilivyowaokoa. Anayesema turudi kwa wazee bila kuchambua anataka turudi na makosa yao pia, tukiwa sasa na injini na wanunuzi wa kilo.

Wala kulala kitandani peke yake hakutoshi. Uvuvi wa baruti umepigwa marufuku kisheria tangu mwaka 1970, na bado kwa miongo mingi mlio wake ulisikika Kilwa, Lindi na Mtwara. Chupa moja yenye utambi huvunja tumbawe lililochukua umri wa babu kukua, na samaki wengi wanaokufa huzama bila kuokotwa. Kila kijiji kiliwajua wapigaji. Kilichofunga midomo ni undugu: mpigaji alikuwa mpwa wa mtu, shemeji wa mwingine, na alikuwa mkarimu siku ya mavuno. Ni shida ya watu wanaolala kitanda kimoja. Kunguni wanawajua, na mmoja wao ndiye anayewafuga. Mahali kama hapo hekima ya kijiji inahitaji boti ya doria na hakimu asiyekuwa shemeji. Sioni aibu kusema hivyo. Miaka ya karibuni vyombo vya dola vilipokaza kamba kwa pamoja, milipuko ilipungua sana.

Nanganga inaingiaje? Juzi nilimsalimu mama mmoja anayekaanga samaki stendi.

"Shikamoo mama. Mbona changu wako wamekuwa vidole?"

"Marahaba mwanangu. Muulize bahari. Mimi nanunua wanaoletwa."

"Wanatoka Lindi?"

"Wanatoka Lindi. Na matope ya Lindi yanatoka wapi?" Akageuza samaki wake, akamhudumia abiria wa Ruangwa, hakunitazama tena.

Matope ya Lindi yanatoka kwetu. Mto Lukuledi unashuka kutoka bara ya Masasi na Nachingwea, unapita bondeni hapa kati ya uwanda wa Makonde na ule wa Rondo, na kwenda kumwagikia ghuba ya Lindi. Udongo ukiwa mwingi majini, tumbawe hukosa mwanga na kuzibwa, na nyasi za baharini zinazolea samaki wachanga hufa. Masika ukisimama darajani unaona maji yakipita mekundu. Ule wekundu ni shamba la mtu.

Na historia yetu ina ushahidi mzito zaidi kuliko wa visiwani. Mwaka 1947 Waingereza walileta mpango wa karanga. Nachingwea ikafyekwa kwa mashine, reli ikajengwa kutoka Mkwaya kwenye hori la Lindi, bandari ya Mtwara ikajengwa. Mwaka 1951 mpango ukafungwa. Karanga hazikuja kama zilivyochorwa London, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli ikang'olewa. Wataalamu wametaja mvua, udongo mgumu, mashine zilizokuwa za vita. Yote kweli. Babu wa Nachingwea angeweza kuwaambia kuhusu mvua kabla trekta la kwanza halijashuka melini, lakini hakuna aliyeamua ambaye kitanda chake kilikuwa Nachingwea.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja, Mafia na Kilwa ndiko kulikopigwa, na barabara ya Dar es Salaam ikakatika maeneo ya Somanga. Bidhaa za Dar zikachelewa kutufikia. Watu wengi wa hapa ndipo walipojua kwamba tuko pwani kuliko tulivyodhani.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa maji ziachwe bila shughuli za kudumu wala zinazoharibu. Tunapenda kuitaja tukisikia hoteli imejengwa juu ya ufukwe. Ila sheria hiyo haikusema bahari tu. Imetaja na ziwa, na mto. Lukuledi ni mto. Bustani zetu za mchicha, nyanya na miwa zimeingia mpaka miguu ya mkulima inalowa akiwa anapalilia, na mianzi na matete yaliyokuwa yakishika ukingo tumeyakata tupate jua.

Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Napendekeza ajenda moja: tupime ukingo, tuanze na kipande kimoja tu, tukiache kwa misimu miwili, tuone kinarudisha nini. Tusianze na mita 60 zote mahali ambapo watu hawana shamba jingine, maana hapo tutakuwa tumeandika sheria ya kuvunjwa usiku. Na orodha ya watakaohamisha bustani ianze na wenyeviti wa vitongoji, ifuate wajumbe wa halmashauri ya kijiji, waje wafanyabiashara wenye pampu za mafuta, ndipo tufike kwa mjane mwenye matuta mawili ya mchicha.